Ukoo wa Kipindupindu cha Kitangari

Nilirudi Kitangari mvua zikiwa zimechanganya, nikitokea Msumbiji, na kabla sijafua nguo za safari kipindupindu kikaingia kijijini. Watu hawakuhangaika kutafuta chanzo. Nimetoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, ugonjwa uko ng'ambo ya Ruvuma, basi ni mimi.

"Wenzako wakitoka Msumbiji huleta vitenge," jirani yetu alinipigia kelele njiani, kabla hajafa mtu. "Wewe umetuletea kuhara!"

Wanawake aliokuwa nao wakacheka, lakini hakuna aliyepita karibu yangu.

Aliyeumia ni dada yangu, niliyefikia kwake. Uani ana kisima cha saruji kinachokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na majirani wamechota pale tangu mama yetu yu hai. Wakaacha. Bwana afya aliyapima maji, akayakuta safi, akatangaza. Bado waliteremka bondeni na ndoo zao. Kisha ikaanza minong'ono kwamba kisima kifukiwe. Mimi kuhama nimezoea, begi langu halijawahi kukaa tupu. Dada yangu angehamia wapi?

"Ukiondoka sasa utakuwa umekiri," aliniambia. "Kaa."

Nikakaa, nikishtuka kila mlango ulipolia.

Sampuli za wagonjwa zilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, bwana afya akaitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Biolojia yangu iliishia kidato cha nne, nikajiandaa kwa maneno magumu. Yeye akauliza:

"Huku kwetu mtoto anahesabiwa ukoo wa nani?"

"Wa mama!"

"Na kimelea cha kipindupindu ni hivyo hivyo, hakina baba. Kinajigawa, watoto wanabeba vinasaba vya mama yao, na vizazi vikipita vinaongezeka vijialama vidogo. Wataalamu huzisoma alama hizo, na nchi nyingi huziweka wazi kwenye mtandao ili yeyote alinganishe. Wamelinganisha cha kwenu na vya Msumbiji vilivyomo humo. Undugu ni wa mbali mno. Ndugu wa karibu, wa mama mmoja, ni vya wagonjwa wa Chiwata, upande wetu huu wa mto."

Akaongeza kwamba si vyote vya Msumbiji vimewekwa humo, hivyo hawezi kula kiapo. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Wote tulikumbuka msiba wa Chiwata, wiki ile ile niliyorudi, na nani alikwenda kutoka kwetu: jirani yetu yule yule, na mwanawe. Mwanawe ndiye aliyetangulia kufa kijijini kwa ugonjwa ule.

Vichwa vikageuka. Siku zote zile nilikuwa naomba macho yale yaniondokee. Yaliponiondokea, sikupata nafuu.

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu?" jirani aliuliza.

"Mlinawaje kule, mama?" bwana afya alimuuliza.

"Beseni moja, kama msiba wowote. Ningekataa? Wangesema nawadharau wafiwa."

Bwana afya akakunja karatasi ya majibu. Hata yeye angenawa.

Mtu nyuma akaguna, "Na alivyokuwa anamsakama mwenzake!" Hapo dada yangu akasimama, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Shoga, ndoo yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Kaichukue. Unachota kwangu."

Mwenyekiti alikuwa hajafunga mkutano. Wakatoka wawili, mimi nyuma yao, na nilipofika mlangoni nikasikia mtu akiuliza kama kisima bado kitafukiwa. Wao walikuwa wameshaifuata ndoo.