Jeki Chini ya Sufuria

Wakenya wa Woolwich na Plumstead, hapa London, wanapokusanyika, iwe ni harusi, kumbukumbu ya marehemu au mtoto amehitimu, swali la kwanza huwa ni hili: Njenga anapika? Wakisikia anapika, kuna watu ambao hawali kitu nyumbani tangu asubuhi.

Njenga ni mtu mfupi, mpana wa mabega, wa miaka hamsini na minane. Siku za kazi hushusha mizigo nyuma ya duka moja kubwa pale Stratford, akisukuma vitoroli vya chuma vinavyomzidi kimo. Sisi tunamwita Anko, na wakubwa wetu humwita Baba Eddie. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa fundi wa malori Nakuru kwa miaka kumi na miwili. Huko alimwona fundi mwenzake akipoteza mguu kwa sababu ya jeki iliyoteleza. Tangu hapo, mtu akichutama karibu na gari lililoinuliwa, Njenga humvuta kwa kola bila hata kumsalimia.

Ndiyo maana mama yangu, Jane, aliponunua gari lake la kwanza, Njenga alimpeleka kwenye maegesho ya kanisa siku ya Jumapili na kumfundisha kubadilisha gurudumu. Mama ni muuguzi anayezunguka majumbani kwa wagonjwa, na gari ndiyo miguu yake. Mimi nilikuwa kidato cha mwisho, na nilisimama kando nikishika mwavuli.

"Mama Shiku, jeki iliyokuja na gari ni ya dharura tu," alianza. "Kazi yake ni kukuinulia gari ubadilishe gurudumu uende zako. Usiingize kitu chochote cha mwili wako chini ya gari. Hata pete ya ndoa ikiviringika humo, iache."

"Na ikiviringika mbali kabisa?"

"Basi hesabu umeachika."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, lakini Njenga hakucheka. Alimwonyesha kila kitu kwa mpangilio: ardhi iwe ngumu na sawa, breki ya mkono ivutwe, nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini, jeki ikae penye alama yake kwenye ukingo wa gari na si popote unapopenda. Kisha akalaza gurudumu la akiba chini ya ukingo huo, karibu na jeki. "Jeki ikikusaliti," alisema, "gari liangukie hili, lisikuangukie wewe."

Mwishoni alimfundisha jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kurudisha jeki mahali pake. Unaikunja mpaka mwisho, unailaza kwenye kitako chake chini ya sakafu ya buti, halafu unazungusha skrubu mpaka ijibane yenyewe. Ukimaliza, itikise kwa mkono.

"Ikicheza, haijalala. Siku utakayofunga breki ghafla, chuma hicho kitakuja kukusalimia kisogoni."

Nimeanza na somo hilo kwa sababu Njenga mwenyewe ndiye aliyekuja kulivunja. Ameniruhusu niandike. Alisema, "Andika, lakini usinipunguzie."

Julai iliyopita nilihitimu chuo kikuu, na Mama akaalika watu sitini katika bustani isiyotosha watu ishirini. Njenga alifika asubuhi na jiko lake la chuma la miguu mitatu, sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, na sheria yake ya siku zote: mtu asikaribie moto wala asifunue kifuniko. Alisimamisha mabati mawili kuzuia upepo na kuwakinga majirani na moshi. Yaliyotokea nyuma ya mabati hayo hakuna aliyeyaona.

Saa sita hivi, nyama ya mbuzi ikianza kulainika, mguu mmoja wa jiko ulikatika. Sufuria iliinama na mchuzi ukamwagikia makaa. Njenga aliishika kwa matambara, akaiegemeza kwenye ukingo wa ua wa mawe huku akitafuta kitu cha kuweka chini ya jiko. Tofali moja lilikuwa fupi, na mawili yakazidi. Mfukoni alikuwa na funguo za gari la Mama, kwa sababu ndilo lililobeba makaa. Akakumbuka jeki. Jeki hupanda na kushuka mpaka kimo unachotaka.

"Nilijiona mjanja, Shiku," aliniambia baadaye. "Nilicheka peke yangu pale nyuma ya mabati kama mwehu."

Jeki ilikaa motoni kwa muda wa saa nne. Grisi yake iliungua yote, na mafuta ya mbuzi yakatiririka kwenye skrubu na kukauka humo. Ilipopoa, skrubu haikuzunguka. Njenga aliigonga kwa tofali mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikajikunja nusu, na mkono wake mmoja ukapinda kama kiwiko kilichoteguka. Haikuweza tena kukaa kwenye kitako chake. Wakati huo ndani ya nyumba tulikuwa tunamwita kwa vigelegele. Mama alitaka kumshukuru mpishi mbele ya watu. Njenga aliipangusa jeki masizi kwa gazeti, akailaza kando ya gurudumu la akiba, akafunika sakafu ya buti, akanawa mikono, akaingia ndani kupigiwa makofi.

Alijiambia kwamba angesema kesho. Kesho yake alijiambia kwamba angenunua nyingine na kuibadilisha kimyakimya kabla ya mtu kujua. Kisha zikaja zamu za Stratford, moja baada ya nyingine. Kila alipoamka alijiambia kwamba siku hizi hakuna anayetumia jeki, kwamba watu hupiga simu wakangoja gari la msaada. Lakini alijua kwamba Mama hangepiga simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha asingoje.

Siku ya kumi, Jumanne mchana, Mama alikuwa ananihamishia vitabu vyangu kwenye chumba nilichopanga karibu na kazi yangu mpya. Tulipata pancha katika barabara ndogo ya Eltham. Tulitoa masanduku, tukainua sakafu ya buti, na tukaikuta jeki imelala huru kando ya gurudumu la akiba.

"Nani ameitoa mahali pake?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Labda masanduku yangu yameisukuma."

"Wewe na masanduku yako!"

Skrubu ilizunguka kwa kulia na kulalamika, lakini ilizunguka. Mama alilaza gurudumu la akiba chini ya ukingo kama alivyofundishwa. Gari lilipanda. Tulitoa gurudumu lenye pancha, na mimi, nikiwa na haraka, nilikaa chini na kunyoosha mguu chini ya gari ili nivute gurudumu la akiba kutoka lilikolala.

"Mguu!" Mama alipiga kelele. "Toa mguu!"

Niliuvuta. Sikumbuki kama nilihesabu hata mbili. Jeki ilijipinda upande na gari likashuka kwa kishindo juu ya gurudumu la akiba, pale pale kisigino changu kilipokuwa. Mama aliketi kwenye ukingo wa barabara. Hakulia. Alinishika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili na hakukiachilia mpaka gari la msaada lilipofika.

Jioni hiyo alimpigia Njenga simu, na alikuwa anamshukuru.

"Baba Eddie, umeniokolea mtoto. Maneno yako ndiyo yaliyonijia kinywani."

Njenga anasema alikuwa amesimama kituo cha basi, na akaketi chini palepale.

Kesho yake alikuja kwetu. Mama alimpa jeki aiangalie. Mimi, ambaye tangu jana niliambiwa mara tano kwamba masanduku yangu nusura yaniue, niliona ni adabu kusema kitu.

"Anko, nisamehe. Ulitufundisha vizuri, mimi nikaharibu."

Aliigeuza jeki mkononi. Alikuwa na nafasi yake hapo, mbele yetu sote wawili, na chai ilikuwa mezani.

"Vyuma vya siku hizi," alisema, "si vya kuamini." Akaiweka jeki katika mfuko, akaahidi kutafuta nyingine, akaondoka bila kumaliza chai.

Jumamosi alipanda treni mpaka Southall, kwa mzee anayeitwa Ranjan, mzaliwa wa Kisumu, anayeuza vipuri vya magari yaliyokwisha kubomolewa. Ranjan ana karakana iliyojaa mpaka mlangoni, na hukijua kila kipuri kilipo. Alipofungua mfuko, aliinusa jeki kwanza.

"Bwana, hii jeki au sufuria? Iko na harufu ya mbuzi!"

"Ni bahati mbaya, mzee."

"Bahati mbaya gani iko na chumvi?" Alicheka peke yake, kisha akauona ule mkono uliopinda, na kicheko kikaisha. Alijaribu kuizungusha skrubu, akaitupa kwenye pipa la chuma chakavu. "Hii iliinua gari?"

"Iliinua."

"Mtu aliumia?"

"Hapana. Ilibaki kidogo tu."

"Kidogo ya kuumia, ama kidogo ya kufa?"

Njenga aliitazama jeki ndani ya pipa. Ranjan aliuliza aina ya gari na mwaka wake, maana kila gari lina jeki yake, akapotea kati ya rafu, akarudi na jeki safi yenye grisi mpya. Kabla ya kumpa, aliishikilia kidogo.

"Mwenye gari anajua?"

"Nitamwambia."

"Mimi sikuuliza kesho, bwana."

Kesho yake ilikuwa ibada. Tunakodi ukumbi Woolwich, nyuma ya soko, na baada ya mahubiri watu hutoa ushuhuda. Mama alisimama. Alieleza barabara ya Eltham, binti mzembe aliyerundika vitabu juu ya jeki mpaka ikaharibika, mguu uliokuwa chini ya gari, na sauti ya fundi iliyomjia kwa wakati. "Baba Eddie, simama watu wakuone," alisema.

Njenga alisimama. Mfuko wa jeki mpya ulikuwa chini ya kiti chake. Watu walipiga makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi kuliko wote. Alisema, "Asante," kisha akaketi.

Nilimtazama wakati wa chai. Hakugusa kikombe wala mandazi. Watu walimpita wakimgonga bega, na kila bega lilipogongwa alizidi kuinama. Kisha aliinuka, akaja mpaka meza tuliyokuwa, akaweka jeki katikati ya thermosi za chai.

"Mama Shiku, hii ndiyo yako. Ile nyingine niliipikia."

"Uliipikia nini?"

"Mbuzi wa Shiku. Mguu wa jiko ulikatika, nikaweka jeki. Iliungua, nikaigonga kwa tofali, nikairudisha kwenye gari, nikanyamaza."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Alifungua vidole vyake, kidole gumba na cha kati, akaonyesha upana wa nafasi juu ya kitambaa cha meza.

"Mguu wa mtoto wangu ulikuwa hapa, Baba Eddie. Hapa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenyamaza wiki mbili. Sasa hivi umesimama ukapigiwa makofi."

"Nimesimama."

"Na huyu ukamwacha akuombe wewe msamaha."

Njenga alinigeukia. Mtu mzima huyo, aliyenishikisha mwavuli nikiwa msichana wa shule, alikuwa ananitazama kama anayengoja kupigwa.

"Shiku, nisamehe. Hukuharibu kitu."

"Haina shida, Anko," nilisema haraka, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Ina shida," Mama alisema. "Usimpe haraka hivyo." Alichukua jeki. "Njoo uiweke mahali pake. Nitaitikisa mwenyewe."

Tulitoka watatu mpaka maegesho. Njenga alipiga magoti nyuma ya gari, akailaza jeki kwenye kitako chake, akazungusha skrubu mpaka ikajibana. Mama aliitikisa. Haikucheza. Aliitikisa tena kwa nguvu, akafunga buti, akaweka funguo katika mkoba wake. Hajampa tena funguo hizo mpaka leo.

Njenga bado anapika. Mwezi uliopita alipika kwenye kumbukumbu ya mama wa rafiki yetu mmoja, na jiko lake limechomelewa mguu mpya. Sheria yake ya kale ameibadilisha kidogo. Kabla ya kuwasha moto alisimama kando ya mabati na kiberiti mkononi, akangoja. Mama aliacha alichokuwa akifanya, akaja, akainama, akatazama miguu yote mitatu mmoja mmoja, akarudi alikotoka. Hapo ndipo Njenga alipowasha.