Kiti Nilichokinyoosha

Nina hasira tangu juzi, na ubaya ni kwamba sina wa kumtukana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Buseresere. Mama Kulwa aliniletea kiti cha magurudumu cha mdogo wake, Masanja, niunge bomba moja la mbele lililopasuka. Bomba moja tu. Nilipokiona nikachemka. Kimebonyea pande zote, na magurudumu yamelala, juu yamekaribiana, chini yametanuka. Mbele ya wateja nikamtukana aliyekitengeneza: mshenzi gani anamfanyia mlemavu hivi? Nikakata, nikayasimamisha magurudumu wima. Nikaongeza na mishikio ya kusukumia kwa nyuma, bure.

Masanja akaja akijiendesha kwenye kiti chake cha nyumbani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikaitikia, kifua mbele.

Akakitazama kile nilichokinyoosha.

"Fundi, kesho naingia kambini na timu ya taifa. Hiki ni cha kuchezea raga ya walemavu. Tunagongana kwa viti. Magurudumu yanalazwa makusudi, nisipinduke."

Wateja wale wale wakageuka kunitazama.

"Na hii mishikio?" Masanja akauliza.

"Ya kukusukuma."

"Nani atanisukuma, fundi? Wapinzani?"