Neno Lililomponza Dobrila

Dobrila alishona makoti kiwandani mjini Leskovac, Serbia, mpaka akastaafu. Mshono ukipinda, aliufumua akaanza upya bila kununa. Kiingereza ndicho kilichomnunisha. Alianza kukisoma uzeeni, kwenye maktaba ya mji, kwa sababu mwanawe Nebojša alioa Ireland, na mkewe, Orla, hajui Kiserbia hata cha kuombea maji. Nebojša mwenyewe ni dereva wa malori, hashikiki.

Kila alichoandika kilirudi na wino mwekundu. Kuna vineno, kama "a" na "the", ambavyo Waingereza huvitanguliza mbele ya majina ya vitu. Akiviweka, mwalimu Snežana anavifuta, akiviacha, anavidai.

"Sisi tukisema meza, kila mtu anaiona meza," alilalamika. "Hao hawaioni mpaka ipigiwe hodi?"

"Mama Dobrila, si mimi niliyekitunga."

Orla alipokuwa mjamzito, alimwandikia Dobrila kumuuliza kama angekuja wakati wa kujifungua. Goti lilikuwa linamsumbua Dobrila, na pasipoti ilikuwa bado. Akataka kujibu kwamba huenda akaja. Neno la Kiserbia la "huenda", eventualno, lina pacha wake katika Kiingereza, eventually, linasikika karibu vilevile. Akaliandika bila kumwuliza mtu, akaona leo amepatia. Kumbe kwa Kiingereza maana yake ni "hatimaye".

Orla akaelewa kwamba mkwewe atakuja tu. Akamwambia mama yake mzazi asijisumbue. Uchungu ulipomshika, Nebojša alikuwa na lori Ufaransa, na Orla akajifungua bila ndugu pembeni.

"Mama, si ulisema utakuja?" Nebojša aliuliza kwenye simu.

"Nilisema huenda."

"Uliandika utakuja. Amekungoja."

Dobrila alikata simu. Pilipili hoho alizokuwa akizichoma ziliungua hadi zikawa makaa, naye anazitazama tu.

"Achana na hicho Kiingereza, shoga," jirani yake Stamena alimwambia. "Mjukuu anaelewa peremende."

"Na mama yake je?"

Jioni ile alimwandikia Orla bila msaada wa mwalimu, vineno vikiwa vimekosekana kila mahali: neno baya, kosa langu, nisamehe, nakuja sasa. Baada ya siku kadhaa Orla akamtumia anwani.

Pasipoti ilipotoka, Dobrila alifika huko akichechemea. Orla alimfungulia mlango bila tabasamu, akamkabidhi mtoto, akaenda kulala.