Mabakuli Yalirudi Yamejaa

Vita vilikuwa nchi za mbali, lakini sisi ndio tuliokosa wageni. Ndege zikasitisha safari, na mkahawa niliokuwa nnapika, hapa Mji Mkongwe nyuma ya Forodhani, ukashinda na viti vitupu toka asubuhi mpaka jioni. Mwenye mkahawa, kijana wa rika la mwanangu mkubwa, akatwambia hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, anafunga.

Wenzangu waliwaza mishahara. Mie, wallahi, niliwaza mchana. Mume wangu keshafariki, wanangu wako Maskati, na nyumba yangu ya Kiembe Samaki haina mtu wa kuniuliza nshakula au bado. Pale jikoni ndipo nilipokuwa nakula na watu. Mkahawa ukifungwa, ntakula na nani? Na kuta?

Nikamwambia, "Hebu achana na Wazungu. Watu wa mitaa hii hawali?"

Akacheka. "Bi Mkubwa, watu wa hapa wanapika kwao."

"Basi waonje kwanza. Wataagiza wenyewe."

Nikapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nikapakua kwenye mabakuli mazuri, nikafunika kwa makawa yangu ya ukili niliyoyatoa nyumbani, maana chakula kupita njiani wazi ni aibu. Wahudumu wakapeleka nyumba za jirani, wakapiga hodi. Walitakiwa wataje bei, watu waagize kuanzia kesho. Weee! Nani atamtajia bei bibi wa watu aliyekwisha pokea bakuli kwa mikono miwili na kukuombea dua? Wakarudi bila kutaja bei.

Kesho yake mabakuli yakarudi, na hapana hata moja lililorudi tupu. Huyu katia visheti, yule samaki wa kukaanga, yule ndizi za nazi. Kwetu ndivyo. Tukakaa kwenye viti vya wageni, tukala, tukacheka, na mie nikapakua tena, tukapeleka tena. Wiki ile sijaisahau. Kila nilipopita nilisikia, "Karibu, mpishi! Ingia ndani!"

Mwenyewe akaja juu. "Bi Mkubwa, hii biashara au ujirani? Mbona tunalishana tu?"

Alikuwa na haki. Nikanuna.

Akanunua maboksi ya kutupa, akabandika bei kwenye vifuniko, akatafuta mtu wa bodaboda. Boksi halirudishwi, kwa hiyo watu walielewa mara moja kwamba hiki ni cha kununua. Wakaagiza majumbani, wakaagiza maofisini. Mwisho wa mwezi ukafika, na hatukufunga.

Siku hiyo akaniita, uso umekunjuka. "Bi Mkubwa, umetuokoa. Sasa usijichoshe. Pika alfajiri, chakula kikishafungwa, saa nne nenda zako ukapumzike. Mchana hakuna wa kukaa hapa tena."

Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Nikafika kwangu jua halijafika utosini. Nikavua buibui, nikafungua madirisha yote, nikakaa kitandani. Nilikuwa na njaa, na sikutaka kula.