Sahani ya Mgeni kwenye Kilio

Mjini Kasongo, kwenye kituo cha yatima nilikolelewa, watu hawakuchoka kutuuliza: "We mutoto wa nani?" Sokoni, shuleni, hata mlangoni pa kanisa. Jamani, swali hilo lilinikera! Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi na huu ulimi wangu nilijibu, "Wa mama mpishi," halafu naondoka haraka kabla sijaulizwa lingine.

Mama mpishi alikuwa Mwislamu wa kijiji cha Wamaza, mfanyakazi wa kituo tu. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na yeye ndiye aliyenivuta pembeni kunieleza damu ya kwanza ni kitu gani, nisiogope. Mpaka leo nikigombana na mtu nashika kiuno vile vile alivyokuwa akishika yeye.

Alipougua alirudi kwao. Habari ya kifo ilinikuta nimeshakuwa mtu mzima, nashona nguo mjini. Nikapanda pikipiki siku hiyo hiyo, matope hadi magotini, na nilipofika walikuwa wameshamzika. Njia nzima nilitaka jambo moja tu: kuketi pamoja na watoto wake. Nikikataliwa hapo, basi mimi si mtoto wa mtu yeyote.

Ua ulijaa wanawake. Mabinti zake walikuwa kwenye mkeka wao karibu na mlango. Mdogo wa marehemu akanipokea vizuri, "Pole, mama, umetoka mbali," akaniweka barazani na wageni, kisha akaniletea bugali na sombe. Kwenye kilio wageni ndio wanaanza kulishwa. Wafiwa wanakula mwisho, pamoja. Nikaitazama ile sahani, hasira ikanipanda mpaka machozi yakatoka.

Nikamrudishia, mkono kiunoni. "Mama, mutu akifiwa na mama yake analetewa sahani ya mugeni?"

Binti wa kwanza akageuka kunitazama.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Wewe wa Kasongo. Mama akija hapa Idi, habari ni zako tu: leo amejua hiki, jana amegombana na yule. Sisi tulibaki kwa bibi ili yeye awapikie ninyi. Ulikuwa naye kila siku, na chakula chetu pia unakikataa?"

Loo! Miaka yote ile nilijihurumia mwenyewe, na sikuwahi hata kufikiri kwamba yule mama ana watoto wake, na kwamba jioni wanamtafuta. Niliona aibu kweli. Nikainuka kutafuta viatu vyangu.

Akanishika mkono. Akajisogeza, pakabaki nafasi kwenye mkeka.

"Unaenda wapi? Kaa. Mimi, kabla hajaugua, nilimuona Idi kwa Idi tu, amevaa vizuri, anacheka. Niambie, dada: siku za kawaida, mama alikuwa mutu wa namna gani?"