Gunia la Mdogo Wangu

Mlima ule upo nyuma ya mashamba ya Nkowe, na mpaka leo nikipita nageuza uso. Miaka ya tisini mwishoni watu waliacha palizi ya mikorosho wakaenda kuutoboa, wakitafuta vito vya kijani. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, naye akaenda. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka, wapi! Basi nikamfuata, nikawa mchota maji wao, angalau nimwone akiingia na akitoka.

Handaki lile lilikuwa na joto la ajabu. Si la jua, maana jua halikufika kule. Ni mwamba wenyewe. Kadiri walivyoingia ndani ndivyo ulivyozidi kuwa wa moto, mpaka tindo haishikiki bila kitambaa. Mwenye shimo, mfanyabiashara wa kuja, aliahidi feni ya kusukuma hewa. Aliahidi masika, akaahidi tena kiangazi. Ilikuja kreti ya soda.

Vijana wakajiwekea utaratibu wao. Anayeingia anajifunika gunia nililolilowesha. Likikauka mgongoni, hata kama jiwe liko mbele ya macho, unatoka, anaingia mwingine. Hakuna aliyekuwa na saa. Nililowesha magunia yale mpaka vidole vikachubuka, na maji yenyewe nayapandisha kwa kichwa kutoka bondeni.

Siku ile zamu ilikuwa ya mdogo wangu. Baada ya muda mfupi tu akarudi mlangoni anacheka, gunia linachuruzika.

"Dada, leo pumzisha shingo. Maji yamo humu humu, yanatoka kwenye mwamba."

Nikaligusa gunia. Maji yalikuwa ya moto kama ya kumkanda mzazi. Nikafurahi, Mungu wangu, nikafurahi kwa ajili ya shingo yangu. Akarudi ndani.

Gunia halikukauka. Lingekaukaje, na mwamba unalimwagia? Yeye anangoja likauke, anagonga tindo. Sisi nje tunasikia anagonga, tunapiga soga. Kugonga kulipokoma tukadhani anapumzika. Walipomvuta nje, mwili wake ulikuwa unaunguza mkono. Nilimwita, hakuitika.

Alizikwa kesho yake. Wanaume walipoondoka na jeneza nilibaki uani na gunia lake, sijui nilipeleke wapi. Nikalianika kwenye uzio. Hata hawajarudi kutoka makaburini, likawa limekauka.