Wenyewe wa Kibuyu cha Eliza

Kwanza apa hutamwambia mtu. Sema haki ya Mungu. Haya, umeapa wewe. Mimi niliapa mbele ya Bibi, na leo navunja, maana Bibi hayupo tena wa kunifinya.

Nilipokuwa mtoto kule Muyama, tuliamini kibuyu cha maziwa kina wenyewe. Huwaoni, ila wamo, chini kabisa, kwenye yale maziwa mazito ya zamani ambayo hayamalizwi kamwe. Ukimimina mapya juu yake, wenyewe wanayagandisha, yanakuwa na ule uchachu mtamu. Mwenye kijicho akikishika, wanakimbia, na maziwa yananuka. Na mwiko mwingine ulikuwa huu: mama akishamkabidhi mkamwana wake kibuyu, yeye hakifungui tena maisha yake yote.

Bibi alimkabidhi chake Eliza, mke wa baba mdogo, msichana wa Munanila aliyecheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Haukupita muda, maziwa yakaanza kuharibika. Leo yananuka, kesho yana utelezi kama kamasi.

"Huyu ana jicho," Bibi akawaambia majirani. "Wenyewe wamemkimbia."

Basi watu wakapata la kusema, na mbebaji mkuu wa maneno nikawa mimi. Kule kisimani niliongeza chumvi mpaka wanawake wakasahau ndoo zao. Eliza akaacha kucheka.

Halafu mchana mmoja, Eliza akiwa shambani, nikaingia jikoni. Bibi ameketi chini, kibuyu katikati ya magoti, mrija mrefu wa pombe ameupenyeza shingoni mwa kibuyu, ananyonya yale mazito ya chini, macho amefumba.

"Bibi!"

"Shii! Unataka nimwombe mtoto wa watu maziwa ya kibuyu nilichokilea mwenyewe?" Akanisogezea mrija. "Nyonya. Na ukisema, ulimi utakuozea."

Nikaapa, nikanyonya. Jamani, yalikuwa matamu. Mimi ambaye mpaka leo siri haikai tumboni, niliitunza ile moja tu, na ndiyo iliyotakiwa kusemwa.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayesoma sekondari Kasulu, alikuwa anakariri biolojia pale jikoni kwangu. Bakteria, akasema, ni viumbe vya seli moja, tena seli yenyewe haina kiini. Vilikuwapo duniani kabla ya samaki, kabla hata ya nyasi.

"Ni wanyama?" nikamuuliza.

"Hapana, Bibi."

"Mimea?"

"Wala. Wamewekwa kundi lao peke yao, linaitwa Monera."

"Na wale wa kwenye maziwa?"

"Nao ni hao hao. Mmoja anajigawa, wanakuwa wawili. Maziwa yakichacha, wasioweza ukali wanakufa. Wanaouweza wanabaki, wanazaa wanaofanana nao. Vizazi na vizazi, kibuyu kinabaki na wale kinaowataka."

"Na mtu akiwanyonya wote?"

Neema akacheka. "Nani mlafi hivyo? Wataingia wengine wa hovyo, maziwa yaoze."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona Eliza, siku ile wazazi wake walipofika kumchukua. Mama yake alishika kibuyu kidogo kifuani.

"Mwakeye," akatusalimu, na hakuketi. "Mwanangu hatoki hapa na jina la uchawi. Nimeleta wenyewe wa kwetu. Nawamimina kibuyuni kwake, walale. Asubuhi tutie maziwa mapya mbele ya watu wote. Yakiharibika, nitaondoka naye."

Asubuhi ua ulijaa. Baba mdogo alikuwa anakamua. Bibi akanivuta mkono mpaka jikoni, harufu ya maziwa ya Munanila ikiwa imemtoa akili.

"Kaa mlangoni. Akija mtu, kohoa."

Huku nyuma nikasikia mrija ukigugumia. Huko mbele Eliza alikuwa ameketi juu ya furushi la nguo zake, limeshafungwa. Akainuka kuja kuchukua kibuyu, mama yake akimfuata, na watu wote wakimfuata mama.

Mpaka leo sijajua nimemkosea nani zaidi. Eliza, niliyemsema kisimani kisha nikamnyamazia, au Bibi, ambaye siku ile hakuwa na mwingine wa kumtegemea ila mimi na kikohozi changu. Alinipenda yule mzee. Eliza naye alikuwa ananisuka nywele hata wakati ule ninamsema, wala hakunivuta hata mara moja.

Kikohozi kilikuwa tayari kooni. Nikakimeza.

Nikasogea pembeni. Eliza akausukuma mlango, mwanga wote wa asubuhi ukamwangukia Bibi: kibuyu katikati ya magoti, mashavu yamebonyea, mrija bado mdomoni.